Mkaaji wa Jengo Namba Mbili

YAH: OMBI LA KIBALI CHA KUONDOA KITASA KIMOJA (1) CHA MLANGO WA NYUMA WA JENGO NAMBA MBILI, MAKTABA YA UTAFITI, KABLA YA JENGO TAJWA KUBOMOLEWA

Barua yenye kichwa hicho iliandikwa na Hafidha Rehani, mkuu wa maktaba, akiwa na akili zake timamu. Mtu wa kawaida mlango ukimgomea humwita fundi. Lakini Jengo Namba Mbili lilikuwa limeshaingia kwenye mchakato, na pale Lukwambe kitu kikishaingia kwenye mchakato hakiguswi. Ukitaka kukifagia, omba. Ukitaka kujua ombi limefikia wapi, omba tena.

Lukwambe ni mji mdogo miguuni mwa Uluguru, upande wa kwenda Mlali. Una soko, msikiti, kanisa, na mamlaka ya mji ambayo kazi yake kubwa ni kuahirisha. Juu kidogo ya soko kuna taasisi ya utafiti wa udongo na chemchemi, na maktaba ya taasisi hiyo ilijengwa na Waingereza kwa mawe na mbao. Tangu waondoke, kilichoongezwa ni rangi. Dari lilikuwa limeshuka tumbo kama ng'ombe mwenye mimba. Mchwa walishamaliza rafu za historia, wakawa wanaingia za kilimo, na bila shaka walijifunza zaidi kuliko wajumbe wa bodi.

Ndani ya jengo hilo, kwenye makabati ya chuma yaliyoota kutu, zilikaa ramani na vipimo vya chemchemi za mlima mzima: kila chemchemi na jina lake, ukoo wake, maji yake ya kiangazi na ya masika. Watu wa Kinole wakikaukiwa waliteremka kuuliza babu zao walichota wapi, na Hafidha aliwaonyesha kwa kidole. Nakala nyingine haikuwepo duniani. Uliwahi kuzinduliwa mradi wa kuziingiza ramani kwenye kompyuta, mgeni rasmi akakata utepe. Utepe bado upo.

Fedha za jengo jipya zilikuwa zimepatikana na mkandarasi alikuwa tayari. Kilichokosekana ni kibali cha kubomoa la zamani na kujenga jipya palepale, na hadi kitoke, kila kilichokuwa ndani kilipigwa lakiri na hakikuruhusiwa kuhamishwa. Masika yakitangulia kibali, lile tumbo la dari lingezaa juu ya makabati. Hafidha alijua hivyo, na kila mtu aliyepelekewa barua alijua hivyo, maana wote walijibu kwamba wamejua.

Sasa kuhusu kitasa. Mlango wa nyuma ndio pekee uliokuwa mpana wa kupitisha makabati. Siku Raphael, mhudumu wa maktaba, alipokwenda kuujaribu ili siku ya kuhama isiwe ya aibu, ufunguo ulizunguka vizuri lakini mlango haukwenda.

"Bosi," alisema, "umekomewa kwa ndani."

"Nani yuko ndani?"

"Hapo ndipo ninapoomba niende nikanywe chai."

Raphael alikuwa mtu wa vijiji vya misheni huko juu, mrefu, mwenye rozari mfukoni na maneno mdomoni. Hafidha hakumwachia chai. Walizunguka, wakafungua kufuli la mlango wa mbele, wakapita katikati ya rafu hadi nyuma. Komeo lilikuwa wazi. Wala halikuonekana kama lilisukumwa mwaka huo. Basi Raphael akabaki ndani, Hafidha akatoka nje, akasimama nyuma ya jengo kwenye majani.

"Raphael, hebu vuta!" akaita.

"Raphael, hebu vuta," ukajibu mlango, kwa sauti ya Hafidha mwenyewe, taratibu, kama mtu anayeonja neno.

Alijiambia ni mwangwi. Majengo ya mawe yana mwangwi. Kisha akasikia komeo likisukumwa polepole, chuma juu ya chuma, hadi mwisho; na Raphael alipotoka mbio kupitia mlango wa mbele, aliapa kwa watakatifu wawili kwamba alikuwa amelishikilia komeo kwa mikono yote miwili na halikusogea.

Hivyo barua ikaandikwa, maana kitasa na komeo vilikuwa chuma kimoja. Majibu yalikuja kwa wakati wake: barua yako imepokelewa na inafanyiwa kazi.

*

Kilichofuata kilikuwa kidogo kidogo. Kiangazi kilikuwa kimeshika, mabomba ya mji yanakohoa hewa, lakini ndani ya jengo lililofungwa palisikika maji yakipita chini ya sakafu bila haraka. Ilitoka harufu ya udongo uliopigwa na mvua ya kwanza, na nyuma ya harufu hiyo, nyingine ya kitu kilichokaa majini muda mrefu. Ukiweka sikio dirishani ulisikia kurasa zikifunuliwa. Kabla ya kila ukurasa palikuwa na mlio mdogo wa unyevu, na Raphael ndiye aliyeutambua.

"Analamba kidole," alisema. "Kama mzee Ahmadi wa masijala."

"Mzee Ahmadi ameshastaafu."

"Najua, bosi. Ndiyo maana sipendi."

Afisa Mipango Miji, kijana aitwaye Abel, alifika kukagua alasiri moja ambayo ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani hadi kwenye mabati. Alivaa kofia ngumu ya njano ya ujenzi, aliyoivaa baada ya kushuka kwenye bodaboda aliyoipanda kichwa wazi. Mlango wa mbele ulikuwa na kufuli, na ufunguo wa kufuli ulikuwa mkononi mwa Raphael. Lakini Abel alilelewa vizuri. Alipofika kizingitini alisema, "Hodi!"

"Karibu," ikasema sauti ndani.

Ilikuwa sauti ya kijana, sauti ya mtu wa Ngerengere anayejitahidi kuongea kama wa Dar. Hafidha aligeuka kumtazama Abel. Abel kwao ni Ngerengere.

 Ukungu ulipita kati yao. Ndani, mtu alilamba kidole na kufunua ukurasa. Abel akatoa kalamu, akaandika kwenye fomu yake: *Jengo linakaliwa.*

"Abel, mdogo wangu," Hafidha alinong'ona, "kufuli hili hapa. Anakaa nani?"

"Dada, mimi sijui anayekaa." Alikuwa anarudi kinyumenyume kuelekea bodaboda. "Mimi natakiwa kuandika linakaliwa au halikaliwi. Limejibu. Ukitaka niandike halikaliwi, ingia wewe, mimi nibishe hodi, tuone nani atanikaribisha."

Hakuna aliyetaka kuona.

*

Mwenyekiti wa kamati ya mipango alikuwa Mheshimiwa Lukasi, mtu mnene, mwenye tai, ambaye hakuwahi kukataa jambo maishani mwake, wala kukubali. Alikuwa na neno lake: "tulibebe". Jambo likiletwa, Mheshimiwa alilibeba. Nyumba za watu zilizeeka akiwa amezibeba. Alipenda kuitwa kwa cheo hata na watoto wake, na kwenye misa ya kwanza alisubiri watu wakae ndipo aingie.

Hafidha alisimama mbele ya kamati na kueleza kwa kifupi kwamba masika yanakuja.

"Masika tunayaheshimu," alisema Mheshimiwa Lukasi, huku akivuta sahani ya sambusa. "Lakini hapa taarifa ya mtaalamu inasema jengo linakaliwa. Huwezi kubomoa nyumba inayokaliwa. Haki za mkaaji zizingatiwe."

"Mheshimiwa Mwenyekiti, hakuna mkaaji. Kuna… kuna sauti."

"Mwenye sauti ni nani, kama si mkaaji?"

Wajumbe waliguna kwa kuridhika; hoja ilikuwa imekaa vizuri. Mmoja aliuliza kama mkaaji analipa kodi ya jengo. Mwingine aliomba iingie kwenye muhtasari kwamba ameuliza. Abel alikaa pembeni, akiangalia viatu vyake. Kwa kauli moja ikaamuliwa mkaaji apewe ilani ya maandishi. Maana ukiwaonyesha watu hawa moto watauliza umesajiliwa wapi.

Ilani ilibandikwa kwa gundi upande wa nje wa mlango wa mbele. Asubuhi ya pili haikuwa mlangoni. Ilikuwa dirishani, upande wa ndani wa kioo, imeshikwa kwa maji matupu, maandishi yametazama nje ili wapita njia wasome. Na pale paliposema *Sahihi ya Mkaaji* palikuwa na alama ya dole gumba, mbichi, ambayo jua liliipiga mchana kutwa bila kuikausha.

"Bosi," alisema Raphael, "amesaini."

Kamati ilifurahi sana. Mheshimiwa Lukasi alisema mkaaji ameonyesha ushirikiano kuliko wananchi wengi. Akaandikiwa barua ya pili kumshukuru kwa kupokea ya kwanza, na ya tatu kumtaka maoni. Na kila barua iliyobandikwa, mambo ndani ya jengo yalikua. Zilianza kurasa, kikaja kiti kuburutwa, kikaja kikohozi, kile kikohozi kizito cha afisa anayetaka watu wanyamaze kabla hajasema. Wauza mboga waliokuwa wakikata njia kando ya ukuta wa maktaba waliacha, wakazunguka kwa mbali na matenga yao kichwani.

Kisha mawingu yakaanza kukaa juu ya mlima na kutoondoka.

Siku ngurumo ya kwanza ilipotembea juu ya Uluguru, mchana mweupe, Hafidha alitupa heshima ya lakiri. Alimwambia Raphael ashikilie mlango wa mbele usijifunge, yeye akaingia na mfuko mkubwa wa nailoni kuzichukua ramani kwa mikono, hata kama angefukuzwa kazi.

"Ukisikia naita, usije," alimwambia. "Uje ukiniona tu."

"Bosi, kwa hilo huna haja ya kunisisitiza."

Alipita meza ya wasomaji, akapita rafu zilizoliwa, na kwa hatua chache za mwanzo alikuwa mwanamke mwenye hasira tu, mwenye mfuko. Lakini alipofika kwenye makabati mwanga wa mlangoni ulikuwa umerudi nyuma kuliko ulivyopaswa, maji chini ya sakafu yakasimama kama mtu aliyesimama kusikiliza, na kutoka juu ya kabati, karibu na lile tumbo la dari, sauti yake mwenyewe ikaanza kusoma, bila kukosea hata nukta, *Yah, ombi la kibali cha kuondoa kitasa kimoja, katika mabano moja,* na baada ya kila fungu ikacheka kidogo, kicheko cha puani, kicheko ambacho yeye Hafidha alikitumia ofisini akisoma barua za wajinga, na harufu ya kitu kilichokaa majini ikamfunika uso kama kitambaa, na akiwa ameshika mpini wa droo iliyokataa kufunguka alisikia nyuma ya sikio lake, karibu mno, ule mlio wa kulamba, na kitu chenye unyevu kikaugusa ukosi wa gauni lake, kikaushika kwa pembe, na kuufunua taratibu, kama mtu anavyofunua ukurasa ili asome kilichoko nyuma yake.

Raphael alimwona akitoka. Mfuko haukuwa naye. Ukosi wake ulikuwa umelowa na umekunjwa pembeni, kama wasomaji wabaya wanavyokunja kitabu ili wakumbuke walipoishia.

*

"Hii si kazi ya barua tena," alisema Raphael walipokuwa wamekaa jikoni mwa taasisi, Hafidha akishika kikombe kwa mikono miwili. "Kuna bibi mmoja wa Kinole, Bi Mwanvita. Huja sokoni na mdalasini. Kilima hiki kabla ya Mwingereza kilikuwa cha ukoo fulani, na ukoo wa Bi Mwanvita ni watani wao. Kwenye misiba yao yeye ndiye aliyekuwa anafagia."

Bi Mwanvita alikuja siku ya soko, mwanamke mfupi, mkavu, mwenye kanga mbili na kikapu kinachonukia. Hafidha alimwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikiwa, "Marahaba, mwanangu, umekonda." Kisha bibi akalizunguka jengo, akinusa. Alipofika kwenye dirisha la ilani alisimama, akasoma yote, akitembeza midomo.

"Mmeliandikia?" aliuliza.

"Si mimi, bibi. Ni kamati."

"Barua ngapi?"

"Kadhaa."

Bi Mwanvita alicheka hadi akajishika kiuno. "Sikiliza, mwanangu. Hili ni jidudu la chemchemi. Mwingereza alijenga juu ya mlango wake, likabaki humo, dogo, linalamba karatasi, halina mbele wala nyuma. Lingekufa kwa kudharauliwa. Nyinyi mmelipa cheo! Mmeliita mkaaji. Mmelitaka maoni. Jini likiombwa maoni litatoka lini?"

"Tumchinjie mbuzi?"

"Mbuzi! Ulichinjie, liseme leo nimefanyiwa sherehe? Hili linatolewa kwa matusi. Na si matusi ya kila mtu. Ukilitukana wewe litakuweka moyoni. Mimi ni mtani. Mtani akitukana, anayetukanwa hana pa kushtaki. Hubeba aibu yake akaenda." Akainua kidole. "Lakini kuna neno moja. Nikianza, asikasirike mtu. Asijibu mtu. Asilitetee mtu. Tusi la mtani likikosa pa kushika linaanguka na aliyetukanwa. Akitokea wa kulipokea, basi aliyelipokea ndiye mwenye mzigo."

"Atakayemtetea jini ni nani, bibi?" aliuliza Hafidha.

Alikuwa mwanamke aliyesoma sana, lakini siku hiyo alijisahau yuko mji gani.

*

Kamati ilipopata habari kwamba mkaaji atahamishwa, ilikuja yote. Uhamisho wa mkaaji haungeweza kufanyika bila mamlaka kushuhudia. Viti vya plastiki vilipangwa kwenye majani nyuma ya jengo, mkabala na mlango mpana. Mbele palikuwa na kiti kimoja cha mbao chenye mito, cha Mheshimiwa Lukasi, na meza ndogo yenye kitambaa na maji ya chupa. Wingu lilikuwa limeshuka hadi kwenye migomba. Kibali kilikuwa kwenye faili la Abel, kimechapwa, kinangoja sahihi moja endapo jengo lingeonekana tupu. Hafidha alilitazama faili, akatazama wingu, akaona vyote viwili vinakimbizana.

Aliwaeleza wote masharti. Aliyarudia kwa Mheshimiwa, uso kwa uso. "Mheshimiwa, tafadhali sana. Atakayoyasikia mtu hapa, ayaache yapite."

"Dada Hafidha," Mheshimiwa alitabasamu, "mimi nimekaa kwenye siasa. Nimetukanwa na mabingwa."

Bi Mwanvita hakuvaa kitu cha ajabu wala kufukiza ubani. Aliweka kikapu chini, akafunga kanga vizuri, akaukabili mlango.

"We jitu la unyevu!" akaanza.

"We jitu la unyevu," ukajibu mlango kwa sauti yake.

"Sema, sema, huna sauti yako, umeazima! Wenzako wana maporomoko, wana mapango, wana misitu ya kutishia watu. Wewe umejibanza kabatini kama kipande cha sabuni kilichosahauliwa. Majini ya watu yanapanda vichwani, yanadai marashi, yanadai dhahabu, yanaongea Kiarabu. Wewe unalamba karatasi! Mbuzi naye analamba karatasi, na mbuzi ana maziwa. Una nini wewe? Miaka yote humo umemtisha nani? Mhudumu mmoja na kijana mmoja wa Ngerengere, na huyo anamwogopa hata mke wake!"

Abel aliinama, akauma mdomo, hakujibu. Raphael alikuwa amejaza mkono kinywani kuzuia kicheko. Na mlango nao ulikuwa unarudia, lakini kwa kuchelewa, ukiruka maneno, *umeazima… sabuni… mbuzi…*, kama mwanafunzi asiyejua somo. Maji chini ya sakafu yalianza kukwama. Ile harufu ikawa nyembamba. Hafidha alisikia, kwa masikio yake, komeo likitetemeka kwenye chuma chake.

"Mama yako alikusahau mtoni akifua! Alirudi akachukua ndoo, wewe akakuacha, maana ndoo ina kazi! Tumbo kubwa na ndani hewa! Umekalia kiti usichokijua maana, watu wanakuandikia barua nawe huwezi kujibu hata moja, unabaki kupiga dole gumba kama—"

"Kuhusu utaratibu!"

Mheshimiwa Lukasi alikuwa amesimama. Kiti kilianguka nyuma yake.

"Mheshimiwa, kaa," Hafidha alinong'ona. "Nakuomba. Kaa chini."

"Siwezi kukaa! Hiki ni kikao halali. Mkaaji huyu ana ilani yetu, ameipokea na ameitia sahihi. Yuko kwenye eneo langu la utawala. Hatatukanwa mbele yangu kama mtoto wa mtaani. Mama, futa kauli!"

Bi Mwanvita aliweka kidole midomoni, macho yamemtoka, akitikisa kichwa.

"Nimesema afute kauli! Anayemtukana mkaaji wangu ananitukana mimi!"

Hapo maneno hayakurudiwa. Kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kianze, jengo lilinyamaza: hakuna maji, hakuna ukurasa, hakuna kikohozi. Kisha komeo likasukumwa, si polepole safari hii bali mara moja, kwa furaha, mlango mpana ukafunguka wenyewe hadi ukutani, na kitu kisichoonekana kikapita juu ya majani kikiyalaza, kikaja moja kwa moja, bila kumgusa Abel, bila kumgusa Raphael aliyekuwa anapiga ishara ya msalaba, bila hata kumtazama Hafidha ambaye alijua kwamba hakijamtazama kwa sababu kilikuwa kimeshamsoma, hadi kilipofika kwenye meza yenye kitambaa. Chupa ya maji ikajaa ukungu, na ile tai ya Mheshimiwa Lukasi ikainuka kwa pembe, taratibu, ikafunuliwa, ikalazwa tena kifuani.

Mheshimiwa alikohoa. Kilikuwa kikohozi kizito ambacho wote walikuwa wameshakizoea, isipokuwa walizoea kukisikia kupitia ukuta.

"Endeleeni," akasema. Viatu vyake vilikuwa vinatoa maji.

Bi Mwanvita aliokota kikapu. "Basi. Limepata mtetezi."

"Bibi, linatoka?" Hafidha aliuliza.

"Sasa hivi ni rahisi kama kukamua chungwa. Nimtukane yeye, hapahapa. Akinyamaza, limeisha."

Hafidha alimwendea Mheshimiwa, akamwambia yote, bila kupunguza. Alimwambia ni matusi ya dakika chache na ni ya utani, na hakuna atakayeyahesabu. Mheshimiwa alimsikiliza, huku kidole chake cha shahada kikienda mdomoni, kikirudi, kikienda tena.

"Nitukanwe? Mimi? Mbele ya watendaji?"

"Mheshimiwa, ni kwa ajili yako."

"Tulibebe," alisema Mheshimiwa Lukasi. "Nitalitafakari."

Tone la kwanza la masika lilianguka kwenye kitambaa cha meza. Hafidha alimtazama mtu huyo na mdomo wake unaong'aa. Kisha akachukua faili kwa Abel, akalifungua mbele ya Mheshimiwa, akampa kalamu. Jengo lilikuwa tupu. Kila mtu alishuhudia. Mheshimiwa alilamba kidole, akafunua hadi ukurasa wa mwisho, akatia sahihi. Wino haujakauka hadi leo, lakini unasomeka.

Makabati yalitoka kupitia mlango mpana usiku haujaingia, watu wa soko wakisaidia kubeba, Raphael akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya kukera. Jua lilipozama mvua ikashuka yote, na dari likashuka nayo.

*

Jengo jipya lilipokamilika, mke wa Mheshimiwa, Bernadeta, alikuja siku moja akakaa kwenye meza ya wasomaji, hajavua mtandio.

"Dada Hafidha, nyumbani kwangu kuta zinatoka jasho," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kusikiwa na aliyeko mbali. "Mume wangu hali kitu. Anakaa sebuleni na magazeti ya zamani, analamba kidole. Jana nimetoka sokoni, nimebisha hodi kwangu mwenyewe. Nimekaribishwa." Akakaza mtandio. "Kwa sauti yangu."

"Bi Mwanvita alisema anaweza kulitoa."

"Alikuja. Nilimfuata mwenyewe Kinole. Amesimama mlangoni, hajafungua hata mdomo, mume wangu anamwambia kwanza afute kauli za siku ile. Kwa maandishi." Bernadeta aliitazama mikono yake. "Nimepiga magoti, dada. Nimemwambia, baba, matusi machache tu. Anasema heshima ya kiti."

Hafidha aliinuka. Alimpa chai. Siku hiyohiyo Bernadeta alipanda gari kwenda kwa dada yake, na hakurudi.

Kilichotokea hasa ni hiki. Kibali kilitoka, jengo la zamani likaondoka, maktaba mpya ikajengwa, na ramani za chemchemi ziko kavu. Jini halikufukuzwa. Linakaa kwa Mheshimiwa Lukasi, ambaye angeweza kulitoa kwa kutukanwa na kunyamaza, akakataa. Ukibisha hodi ofisini kwake, unakaribishwa kwa sauti yako mwenyewe, unaambiwa jambo lako limepokelewa na linafanyiwa kazi. Uchaguzi uliofuata alipita bila kupingwa.